Lami Iliyopoa Mbele ya Kibao cha Iowa

Mjukuu wangu Darcy Kucera alikuwa amebakiza siku kumi na tisa atimize miaka ishirini na mmoja. Mpaka hapo, leseni yake ya lori ilimruhusu kuzunguka Nebraska nzima, ila asikanyage jimbo lingine. Mimi nikiwa na miaka kumi na sita nilipeleka nguruwe wa mjomba hadi Denver, nje ya jimbo letu, na hakuna aliyeniuliza nimezaliwa lini. Mtu alipimwa kwa mikono yake. Siku hizi anapimwa kwa karatasi.

Asubuhi ile ya Oktoba, baridi kali, alikuwa anapeleka lami ya moto uwanja wa ndege wa Omaha. Barabara ya kaskazini ikafungwa kwa ajali, na askari akawaelekeza wote wapitie mji mdogo wa Carter Lake. Hapo ndipo penye balaa. Mto wa mpakani ulihama zamani, ukaacha kipande cha Iowa, jimbo jirani, upande wetu. Unaingia Iowa na kutoka kabla wimbo mmoja haujaisha redioni.

Darcy akasimama kando, hatua chache kabla ya kibao cha Iowa. Akanipigia simu.

"Babu, nifanyeje? Lami inapoa."

"Msimamizi wako anasemaje?"

"Clete? Anasema, 'Pita, binti, Iowa hawali watu.' Nikamwambia aniandikie hivyo kwenye ujumbe. Kakata simu."

Honi zililia nyuma yake. Nikasikia mtu akifoka, "We dada, hapo umepaki kwenu?"

"Pita," nikasema. "Ni dakika mbili tu. Enzi zetu sisi..."

"Enzi zenu hapakuwa na kamera, Babu! Wakinikamata ni leseni yangu, si ya Clete wala yako."

Nilishika simu nikimsikia anavyohema. Kisha nikasikia mlio wa lori lake likirudi nyuma.

Alisubiri kwa karibu masaa matatu barabara ifunguliwe. Alipofika, lami ilikuwa mabonge matupu, mafundi wakaikataa. Clete akamwambia aache funguo za lori.

Alikuja kwangu saa nane mchana, hakuvua hata koti. Akaweka leseni mezani na kuifunika kwa kiganja.

"Iko safi," akasema.

Nikamkaangia mayai. Hakuyagusa. Alikuwa akipitia matangazo ya kazi kwenye simu, moja baada ya jingine, akitafuta zisizovuka mpaka.