Chumvi na Taa ya Buluu

Pale kliniki ya meno walimwita Chumvi, naye aliitika kama vile ndilo jina alilopewa na mama yake. Kila Jumanne na Ijumaa alifika na ndoo mbili za maji aliyoyatia chumvi mwenyewe, akasalimia wagonjwa mmoja mmoja, hata wale walioshika shavu wasioweza kuitikia, kisha akaliendea tangi.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kuliko kitanda, limejaa matumbawe hai. Mengine yalikuwa kama vidole, mengine kama ubongo, mengine kama maua yanayofumba ukiyagusa. Chumvi alikuwa amelilea kwa miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mafriji, na alipenda kusema kwamba aliacha kupoza nyama iliyokufa akaja kuwapasha joto walio hai. Mzaha huo aliurudia mpaka dada wa mapokezi akawa anaumalizia yeye.

Mwaka ule taa za tangi zilichoka. Zilikuwa za mirija, za kizamani. Mmoja ukawa unapepesa, mwingine ukazima moja kwa moja. Mwenye kliniki, daktari wa meno asiye na maneno mengi, alimwambia, "Mjuzi ni wewe. Chagua taa unayoitaka, mimi usiniulize."

Maneno hayo yalimkaa Chumvi moyoni. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na haikuwa kawaida watu kumwambia achague kitu.

Akaenda duka la vifaa vya samaki akashinda huko asubuhi nzima. Alijua anachokitafuta. Tumbawe si jiwe wala si mmea, ni mnyama. Lakini ndani ya ngozi yake inaishi mimea midogo isiyoonekana, na hiyo ndiyo inayompikia chakula kwa mwanga. Mwanga unaozama baharini ni wa buluu. Ukikosea buluu, umekosea kila kitu.

Muuzaji aliwasha taa tatu, moja baada ya nyingine, juu ya beseni la maji.

"Hii ya tatu ndiyo wenyewe wanaiita aktiniki," alisema. "Buluu yake inakaribia zambarau. Ina vitufe viwili, kimoja cha nyeupe, kimoja cha buluu. Ila anza na asilimia thelathini, mzee, upandishe taratibu. Hii buluu haina utani. Jicho linaiona hafifu, tumbawe linaiona moto."

"Mwanangu, mimi nilianza kulea matumbawe wewe bado unafundishwa kuandika."

"Sikatai, mzee. Lakini kijitabu chake ukisome."

Chumvi alicheka, akakitia kijitabu mfukoni, na kilipofika nyumbani kikakaa juu ya kabati bila kufunguliwa.

Siku alipoifunga taa, aliiweka kwenye thelathini kama alivyoambiwa, akarudi nyuma hatua tatu kutazama. Akaona tangi limepoa, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Akapandisha hamsini. Bado. Alikuwa na buluu yake kichwani, buluu iliyokuwa ikimfanya asimame pale hata kazi ikiisha, na hii haikuwa yenyewe. Juma la pili akafika sabini, kisha tisini. Hapo akasema, "Sasa angalau," ingawa rohoni hakuridhika.

"Baba, hiyo taa inachoma," dada wa mapokezi alimwambia. "Nikitoka hapa jioni naona watu wote wamepakwa manjano."

"Utazoea, binti. Wenzako walikuwa na njaa, sasa wanakula."

Yule dada akageuza kiti chake, akaipa taa mgongo.

Juma la tatu matumbawe ya vidole yalianza kupauka nchani. Chumvi akapima chumvi, akapima joto, akapima kila kinachopimika. Maji yalikuwa safi kuliko ya kunywa. Akabadilisha nusu ya maji. Weupe ukashuka mpaka kwenye shina. Akajiambia kuwa mwanga hautoshi, akaipeleka buluu mpaka mwisho wa kitufe. Weupe ukaruka ukaingia kwenye yale ya ubongo.

Ndipo akamgeukia mama wa usafi. "Umemwaga dawa yako ya sakafu humu ndani. Sema ukweli."

"Baba, naapa, hata kidole sijatia."

"Basi yamekufa kwa kuangaliwa?"

Aliyasema hayo mbele ya wagonjwa. Mama wa usafi akachukua ndoo yake akaondoka, na toka siku hiyo akawa anasafisha vyumba vya nyuma tu, wakikutana anapita kama anapita nguzo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Chumvi alikuwa akipekua nguo za watu.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule sebuleni. Jumapili moja alimtuma uzi wa buluu. Chumvi akaleta.

"Baba watoto, hii ni kijani."

"Ni buluu."

"Ni kijani, mume wangu. Na mara ile nyingine ulileta kijani hivihivi, nikanyamaza, nikadhani dukani wameishiwa."

Chumvi akakasirika, akauchukua uzi ule na kipande cha sare akatoka navyo mlangoni kwenye jua. Akaviweka kiganjani pamoja. Akavitazama kwa jicho moja, akavitazama kwa lingine. Vilikuwa rangi moja. Alikaa pale mpaka mke wake akatoka kumtafuta.

"Labda ni mtoto wa jicho," mke alisema kwa upole. "Mtoto anatolewa."

Lakini Chumvi hakuwa akiwaza macho. Alikuwa akiwaza kitufe.

Jumanne alisimama mbele ya tangi na ndoo zake, na swali moja kichwani. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo tu: amwite dada wa mapokezi amuulize, hii taa unaionaje? Hakuuliza. Akafuta kioo, akaondoka, na taa akaiacha vilevile. Siku tatu hizo baadaye zilimuumiza kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu zile nyingine hakuwa anajua.

Ijumaa daktari wa meno alitoka chumbani mwake, akafinya macho, akasimama. Mkononi alikuwa na kile kioo cha plastiki cha rangi ya chungwa anachojikingia anapokausha dawa ya jino kwa taa yake. Akakiinua mbele ya tangi, akatazama kupitia humo.

"Fundi, njoo. Tumbawe lililo hai lingekuwa linang'aa hapa chini ya buluu. Hakuna kinachong'aa. Yamekuwa kama meno." Akakishusha. "Umeweka ngapi?"

"Nimeweka kwa macho."

Daktari akainama akasoma namba. Kisha akaishusha buluu mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Kwenye hospitali ya macho walimpa vipande vidogo vya mviringo vya rangi avipange kutoka buluu mpaka kijani. Alivipanga kwa makini, kama anavyofanya kazi zake zote. Daktari wa macho, mwanamke kijana, aliviangalia, akaandika, akampulizia hewa machoni, akammulika ndani.

"Laiti ingekuwa mtoto wa jicho, baba, ningekupangia siku ya kumtoa. Hii ni presha ya macho. Mshipa umekuwa ukifa polepole, pengine miaka. Kwa wengine buluu hutangulia kuondoka."

"Itarudi?" mke wake aliuliza.

"Kilichokwenda kimekwenda, mama. Haya matone ni ya kulinda kilichobaki."

"Kimebaki nini?" Chumvi aliuliza.

Daktari hakuwa mwongo. "Kushoto, kidogo. Kulia, tutaangalia."

Alirudi kliniki akamtafuta mama wa usafi vyumba vya nyuma, akamwomba radhi mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia, baba," alisema, akaendelea kupiga deki. Hakusema amesamehe.

Katika tangi lote lilibaki tumbawe moja la ubongo, lililokuwa kivulini mwa jiwe. Chumvi alilihamishia pembeni, taa sasa akiiweka kwa kusoma namba, pua ikigusa kitufe. Kila alipokuja aliuliza, "Binti, leo lina rangi gani?"

"Kijani, baba. Pale chini."

"Kimepungua au kimeongezeka?"

"Kipo vilevile."

Juma la nne akasikia, "Naona kama kimeongezeka." Siku hiyo aliimba akifuta kioo. Alipokuwa akikamua kitambaa, daktari wa meno alipita akasimama. "Hilo la mwisho nalo tulitoe, fundi. Jeupe zima toka juma lililopita, litatuchafulia maji." Chumvi aligeuka kuelekea mapokezi. Dada wa mapokezi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya daftari la wagonjwa, na hakukiinua.

Wakaletwa samaki wagumu wasiojali mwanga, na matumbawe ya plastiki. Chumvi ndiye aliyeyapanga, kwa kupapasa, kwa sababu hakukuwa na mwingine anayejua mawe yamekaaje. Daktari alitaka buluu ipandishwe tena kiasi, plastiki ing'ae. Wagonjwa waliyasifu sana. Mama mmoja alimwambia kwamba toka aanze kuja hapo hajawahi kuliona tangi limependeza hivyo, naye akamshukuru.

Alifuta kioo miezi mitano zaidi. Baadaye jicho la kulia lilipozibika, akawa anagonga viti vya wagonjwa kwa ndoo, na siku moja daktari wa meno akamshika bega akamwambia apumzike.

Mwaka uliofuata mtu mmoja alibisha nyumbani. Alisema ana tangi jipya la matumbawe na ameelekezwa kwa Chumvi amchagulie taa. Mke alisimamisha cherehani.

"Mtafute mwenye macho," Chumvi alisema.

"Nimeambiwa hakuna anayeyajua matumbawe kukushinda wewe, mzee."

"Umeambiwa kweli."

Yule mgeni akaaga, akaenda zake, na mke akarudi kwenye sare.