Koti la Sufu Mwezi wa Agosti

Royce Tackett alijaliwa mkono wa kulia wenye nguvu; kichwani hakupewa kitu. Miaka yote aliyorusha mpira wa besiboli katika ligi ndogo, pale Dunmore, Tennessee, ushindi ulikuwa wake, na akishindwa kosa lilikuwa la mkewe.

Msimu wake wa mwisho pale, siku ya mechi ya kwanza, kulikuwa na baridi. Mkewe, Verlene, akaenda uwanjani na koti la sufu. Royce akashinda. Wakiwa mezani akamwambia, "Koti hilo lina bahati. Usilivue uwanjani mpaka nishindwe. Na usilifue."

"Joto likija je?"

"Wewe si unaketi tu? Anayefanya kazi ni mimi."

Bwana mkubwa akashinda, akashinda tena. Ilipofika Agosti watu wote wanajipepea kwa kofia, na Verlene yupo kiti kile kile nyuma ya mdakaji anayepokea mipira ya Royce, kajifunga vifungo hadi kooni, jasho likimchuruzika mpaka viatuni. Siku moja alifungua kifungo kimoja apate hewa. Papo hapo mpigaji akaupiga mpira ukaruka ukuta. Royce hakumtazama mpigaji. Aligeuka akamkodolea macho mkewe.

"Verlene!" alifoka Bwana Ogletree, mwenye duka la vyuma. "Funga hicho kifungo, mwanamke! Unataka kutuulia timu?"

Akafunga.

Mwisho wa mwezi Royce akaitwa ligi kuu. Mji mzima ukampigia makofi. Verlene alikuwa anakunja nguo zake aende naye, Royce akamwambia, "Wewe baki. Huko juu wanatazama kipaji, si mambo ya kishamba." Kipaji kikaondoka na Kaylynn, binti aliyekuwa akiuza bia uwanjani.

Huko juu hakuna aliyewaambia wapigaji kwamba Royce ana bahati. Mpira wake wa kasi, uliowatetemesha vijana wa ligi ndogo, waliupokea kama mgeni waliyemsubiri tangu asubuhi. Wa kwanza akautandika, wa pili akautandika, wa tatu akautandika hadi nje ya uwanja. Mechi ya pili ikawa vivyo hivyo, ila mapema zaidi.

Simu ya Verlene ikalia.

"Verlene, mpenzi." Neno hilo lilitoka na kutu. "Njoo kesho. Kocha kasema nikichapwa tena narudi chini. Keti tu, mama. Na lile koti uvae."

"Na Kaylynn?"

"Kaylynn tutamtafutia kiti kingine."

"Basi mvalishe yeye kitu kizito," Verlene akasema, akakata simu.

Kesho yake Royce alichapwa kipigo cha mbwa koko, na haikupita wiki akarudi Dunmore bila Kaylynn. Verlene alikuwa mgahawani anakula mayai yake Royce alipoingia, na nyuma yake Bwana Ogletree na nusu ya mashabiki.

"Huyo hapo," Royce akasema. "Huyo ndiye aliyenishusha."

"Verlene, dada yangu, na wewe umezidi," akasema Bwana Ogletree. "Kuketi tu, kungekupunguzia nini?"

Verlene akaweka uma chini. "Royce, kama aliyekuwa anashinda ni mimi, mbona gazetini walikuwa wanaandika jina lako? Na kama ni wewe, mbona umechapwa?"

Royce alikunja uso, akafikiri kwa bidii. Watu wakaona kabisa kwamba anafikiri. Kisha akauliza, "Sasa Jumamosi utakuja?"

Verlene akajifuta mdomo, akatoka, akavuka barabara. Ofisi ya wakili wa talaka iko ghorofani, juu ya duka la vyuma. Alipofika katikati ya ngazi alisikia sauti zao kule mgahawani: walikuwa wameshaanza kubishana ni mke wa nani atakayekwenda kuketi badala yake.