Presha Isiyopimwa

Ngwee. Ndivyo lilivyolia kochi la fundi cherehani kila alipojitupa juu yake, mkono mmoja kifuani, mwingine ukining'inia kama wa marehemu. Sauti hiyo ikisikika, majirani walijua presha imepanda.

Hakuna mtu aliyewahi kuipima presha hiyo. Ilikuwa na adabu zake. Haikumpanda akipiga soga na wateja, wala akiwa mezani. Ilisubiri mteja aje kudai gauni ambalo hata kukatwa bado, au binti yake aseme ana shida. Hapo ilipaa, na haikushuka mpaka aliyeipandisha aombe radhi. Watu wakambandika jina la Mama Presha, naye akalipokea kama cheo.

Binti yake wa miaka kumi na tano ndiye aliyekuwa hospitali ya maradhi hayo. Alileta maji, akapepea kwa kipande cha kitambaa, akasema, "Sio kitu, mama." Akifeli hesabu, sio kitu. Rafiki zake wakimtenga, sio kitu. Walimu walimsifu kwa utulivu, na mama yake alizitangaza sifa hizo mbele ya wateja bila haya. "Nimemlea mimi mwenyewe. Mtoto huyu hana makuu." Kweli hakuwa na makuu, hata madogo aliyokuwa nayo hakuwa na mahali pa kuyatua.

Siku binti alipoungua mkono wa kulia kwa pasi, mama yake alikuwa mlangoni akizozana na bibi harusi. Binti aliuzungushia mkono kipande cha bitana, akaendelea kubandika vifungo kwa mkono wa kushoto. Siku zikapita. Mama aliona vifungo vimekaa upande, akamkaripia kwa uzembe. Mkono hakuuona.

Aliyeuona ni shangazi mtu, alipokuja kujaribu sketi.

"Wifi, huyu mtoto kaficha nini humu?"

"Kajichoma sindano huyo. Usinianzishie, leo kifua kinanibana."

"Kifua chako kitangoja, kimezoea. Mkono wa mtoto unanuka."

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi alipoanza kufungua bitana na usaha ukachungulia, fundi alitoa mguno, akajilaza kwenye benchi na kuwasukuma wagonjwa wawili. Binti akauchomoa mkono kwa muuguzi, akamkimbilia mama yake, akaanza kumpepea. Kwa mkono uleule mbovu.

Muuguzi akaleta kipimo, akamfunga fundi mkononi, akasubiri.

"Mama, presha yako nzuri kuliko yangu."

"Pima tena, dada," shangazi akasema. "Tumeishi nayo miaka. Isije ikawa imeona watu ikajificha."

Foleni nzima ikacheka.

"Mashine yenu mbovu," fundi akasema.

Akapimwa tena. Mashine haikubadili maneno.

Muuguzi alimrudia binti. Alisema wamechelewa kumleta, na vidole viwili huenda visikunjuke sawasawa tena. Kisha akaanza kusafisha kidonda. Ilikuwa kazi ya kukwangua, hata shangazi aligeuza uso. Binti alitabasamu. Chini, magoti yake yalikuwa yakigongana, lakini hakumwondolea mama yake macho. Alimchunga kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike.

"Wewe, huu mkono ni wako au wa jirani?" muuguzi akauliza.

"Sio kitu," binti akajibu, bado anamtazama mama yake. "Mama, kaa tu. Usipandishe presha."

Safari hii foleni haikucheka. Fundi alipeleka mkono kifuani kwa mazoea, ukafika, ukakosa la kufanya. Akainuka bila kushikwa na mtu. Akachuchumaa mbele ya kiti, akaishika miguu iliyokuwa ikitetemeka, na mdomo wake ukafika karibu na sikio la mwanawe.

"Sema inauma," akanong'ona.