Mlango wa Chuma wa Wifi Yangu

Mtu akiingia kwenye karakana ya wifi yangu, kwanza huchungulia nyuma ya bega la wifi. "Fundi yuko wapi?" anauliza, na wifi amesimama palepale, tupa mkononi, chembe za chuma mpaka kwenye nyusi. Miaka ishirini na mbili anachonga funguo na kuwafungulia watu waliojifungia nje, na bado anaulizwa fundi alipo. Zamani alikuwa akijibu, "Ndiye mimi." Siku hizi anajibu, "Amekufa. Nikusaidie nini?"

Mimi nimeolewa na kaka yake. Ni mshonaji, sina subira, na jambo hili linaniudhi kuliko linavyomuudhi yeye. Ndiyo maana naipenda Jumapili. Jumapili mchana anafunga duka, anafuta meza ya kazi, anasogeza pembeni jiriwa ya kubania chuma, kisha anakaa kwenye kiti kirefu cha mwisho wa meza. Hapo kwa saa nne nzima yeye ndiye mwenye neno, wala hakuna anayemtafuta mwingine.

Tunacheza. Ndiyo, watu wazima, na anayetaka kucheka acheke. Wifi hutunga pango la chini ya ardhi lililojaa mitego na mafumbo, kisha hutueleza chumba kimoja baada ya kingine. Sisi watatu kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi. Mimi ni mwizi mwenye vidole vyepesi. Jirani yetu mwashi, mwanamke asiyesema maneno kumi kwa siku, ni shujaa wa shoka. Mwalimu mstaafu, mzee wa watu na heshima zake, ni mchawi. Tunasema tunachofanya, tunarusha dadu, na pango linatujibu, mara nyingi kwa mshale.

Sheria ya meza ile ni moja. Kila neno ambalo mwenye kiti amelisema kuhusu chumba, mwalimu huliandika ubaoni kwa chaki, na likishaandikwa halifutwi.

Sasa tulikuwa tumekwama Jumapili tatu mbele ya mlango mmoja. Mlango wa chuma, kitasa chake kina magurudumu matano ya shaba, kila gurudumu lina picha sita. Ukikosea mpangilio, moto unatoka. Mchawi wa mwalimu alikuwa ameshaungua ndevu mara mbili. Wifi alikuwa amekichonga kitasa kile kwa shaba ya kweli, kimo kwenye droo yake, ili ahakikishe kwamba kinafunguka. Sisi hatukioni, lakini yeye akikiona kinamtosha.

Jumapili ya nne mwalimu alikuja na kitabu. Kipya, kimechapwa vizuri, mapango kumi na mawili yakiwa tayari. Akakiweka mezani kabla hata ya salamu kuisha.

"Binti yangu, tumechoka," alisema. "Tupunguzie kidogo."

"Sipunguzi."

"Basi wape wengine kiti. Pango la kujitungia nyumbani halikosi tundu. Haya yamepimwa."

Niliona masikio ya wifi yakibadilika rangi. Nikampiga teke chini ya meza, lakini ulimi hauna mfupa.

"Mkipata tundu moja ambalo sikulifikiria," alisema, "kiti chukua, mwalimu. Leo hii. Na sirudi kukikalia mpaka nitoboe pango lako."

"Limeandikwa," mwalimu akasema, na kweli akaliandika.

Nilitaka kulia kwa hasira. Kiti kile ndicho mahali pekee duniani ambapo watu wanamgeukia yeye kwanza, na amekwenda kukitia rehani kwa sababu ya kiburi! Tukaendelea. Mwalimu akagonga kuta, akauliza habari za sakafu, akauliza hewa inapita wapi. Kila swali wifi alikuwa na jibu lake, tena anajibu huku anatabasamu. Nikaanza kupumua.

Ndipo mwashi akanyanyua kidole kuelekea ubaoni.

"Hapo pameandikwa mlango unafunguka kuja kwetu."

"Ndiyo," alisema wifi.

"Bawaba ziko upande gani?"

Wifi akavuta droo, akakitazama kitasa chake cha shaba, akaisukuma tena. Kumbe mtu aliyeishi ndani ya vitasa maisha yake yote akitunga mlango, anatunga kitasa. Miezi miwili ya kuchonga magurudumu, na zile bawaba hakuziwazia hata mara moja.

Nilimwangalia usoni nikimwomba kwa macho. Sentensi moja tu ilitosha: zimefichwa ndani ya fremu. Ubaoni hapakuwa na neno lolote la kumpinga.

"Ziko upande wenu," alisema. "Pini zake zinaonekana. Ukiwa na nyundo na patasi zinatoka."

"Lilikuwa swali tu," mwashi akasema haraka. "Nalifuta."

"Hakuna kufuta. Gonga."

Mwashi akarusha dadu, akagonga, na mlango ule mzito ukaanguka chali. Hakuna aliyeshangilia. Mwalimu alishika chaki bila kuandika.

"Ungeweza kusema zimefichwa," alisema.

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

"Mwalimu, nimechonga funguo za mtaa huu mzima, yako ikiwemo. Nikianza kudanganya kuhusu milango, nani atalala?"

Akasimama. Mimi nikalipuka, nikasema huu ni wizi, mtu hawezi kunyang'anywa kiti kwa sababu ya misumari miwili ya kufikirika.

"Wifi, kaa chini," aliniambia. "Niliyeropoka ni mimi." Akavuta stuli, akajibana kati yangu na mwashi, akachukua karatasi tupu na penseli yangu bila kuomba.

Mwalimu alikaa kwenye kiti kirefu taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Akafungua kitabu chake na kusoma kwa sauti ya darasani. Tupo kwenye ukumbi wa mawe. Katikati kuna sanduku. Mtu akiligusa sanduku, jiwe kubwa linaanguka kutoka darini na kumponda.

"Limeshawahi kuanguka?" wifi aliuliza.

Mwalimu akatazama ukurasa. "Mara nyingi. Kuna mifupa."

"Nani huwa analirudisha juu?"

"Nani... nini?"

"Jiwe zito vile halijirudishi. Kila mtego una mtu anayeutega, na mtu huyo hapiti chini ya jiwe lake mwenyewe. Ana njia yake. Naitafuta. Iko wapi?"

Mwalimu alifunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kitabu hakisemi."

"Sijakiuliza kitabu. Nimekuuliza wewe uliyekaa hapo."

Mzee alijaribu. Akasema labda kuna ngazi, kisha akasema hapana, labda ni mazimwi. Mwashi akamuuliza mazimwi hao wanakula nini humo ndani, naye akarudi kufunua kurasa. Wifi hakungoja aombwe. Alizunguka meza, akasimama kando ya kiti kirefu, mikono kiunoni, wala hakusema pole wala asante, mpaka mwalimu akafunga kitabu chake, akakubali kwamba pango lake limetobolewa, akampisha na kurudi mahali pake.

Wifi akakaa. Akavuta daftari lake la mapango, akalifungua, akaliangalia kidogo, kisha akalifunga. Vyumba vilivyokuwamo alivitungia watu waliofungua kitasa, si walioangusha mlango.

"Mlango wa chuma umelala sakafuni," alisema, akituangalia mmoja mmoja. "Mmepanda juu yake wote watatu ili kupita. Mnasikia kitu chini yake kinakatika, na mlango unaanza kuzama. Nani yuko mbele?"

Mbele nilikuwa mimi.