Koti Langu la Kazi na Kifua cha Mjukuu

Nilisoma hadi darasa la tatu, na sisemi hivyo kwa aibu. Yaliyobaki nilifundishwa na msumeno. Ukiingia kwenye majumba ya Spring Valley ukute mlango mzito wa mvule unaofunga bila kulia, huenda huo ni mkono wangu. Hapa Kangemi nina karakana yangu, na nyuma yake nina vyumba vinne nilivyojenga mwenyewe. Viwili ninaishi na mke wangu. Viwili vya kando anaishi mwanangu, dereva wa lori ambaye wiki nzima inaweza kupita hajaonekana nyumbani, pamoja na mke wake na binti yao wa miaka sita.

Kila jioni nikifunga karakana, huyo binti alikuwa akinikimbilia akipiga kelele, "Kuka! Kuka!" Ndivyo tunavyomwita babu kwetu magharibi. Namwinua, anazika uso kwenye koti langu la kazi. Koti lenyewe limekunywa vumbi la mbao miaka mingi hata ukiliweka chini linataka kusimama. Haipiti nusu saa, mtoto anaanza kukohoa. Halafu kifua kinapiga mluzi mwembamba, kama upepo unaopita kwenye mlango uliofungwa na fundi mbaya.

Tulisema ni baridi. Nani hajui baridi ya Kangemi mwezi wa saba? Nikabeba gunia la maranda kutoka karakana, nikayashindilia kwenye mkebe, nikawasha. Nikafunga dirisha la sebule yetu na kuziba chini ya mlango kwa matambara. Mtoto akatoka jasho, na mluzi ukazidi. Nikamwambia mke wangu, "Hii baridi imeingia ndani sana. Ongeza maranda."

Mkaza mwana wangu alikuwa na mawazo mengine. Yeye ni mtu wa mashariki, amesoma, anafanya kazi kwenye ofisi moja Hurlingham. Kwao na kwetu tunatofautiana kwa mengi, lakini kwa heshima ya mkwe tunafanana. Mimi na yeye hatupeani mkono. Hatujibizani. Chumba anacholala, mimi siingii, hata nyumba ikiwa nimeijenga mimi. Akiwa na neno, humpa mke wangu, nami hujibu kwa njia hiyo hiyo, hata kama kila mmoja amekaa hatua tatu tu kutoka kwa mwenzake.

Kwa hiyo hakuniambia kitu. Alichofanya ni kufua. Kila nikimshika mtoto, nguo za mtoto zinaingia kwenye beseni jioni ile ile. Nilikuwa nakaa kibarazani nikiangalia zile gauni ndogo kwenye kamba, damu ikinichemka.

"Mwambie huyo mama," nilimwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "kwamba babu ya mtoto si kinyesi cha ng'ombe."

Mke wangu akaenda, akarudi. "Anasema daktari alimwambia vumbi na moshi vinamfungia mtoto kifua. Anaomba uache koti karakana. Amepewa na dawa ya kupuliza, pampu. Ameiweka kwenye chumba chake cha kulala, ndani ya kabati."

"Pampu!" Nilicheka. Nilikuwa nimeona pampu kule Spring Valley, mtoto wa tajiri akiinyonya huku mimi nikipima fremu ya mlango. Nilijisemea huo ni ugonjwa wa watoto wa kulelewa juu ya zulia. "Mwambie koti hili ndilo lililomsomesha mume wake."

Hilo nilijivunia kulisema. Nililirudia hata kwa mafundi wenzangu.

Jumamosi moja asubuhi mke wangu alikwenda mkutano wa akina mama kanisani, na mkaza mwana alikuwa kazini mpaka saa saba. Mtoto aliachwa nami. Nilikuwa napiga msasa mlango wa mvule, na kila fundi anajua jinsi mvule unavyowasha pua. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga chafya. Yeye alikaa sakafuni akijipamba kwa maranda marefu yaliyojikunja.

"Kuka, niangalie, nimesuka nywele!"

"Umependeza kama bibi harusi."

Niliendelea kupiga msasa. Nilipogeuka tena, alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka. Maranda yalikuwa bado kichwani. Alijaribu kuniita, neno likakatika katikati. "Ku..." Basi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Nilimbeba hadi nyumba ya mwanangu. Mlango ulikuwa wazi. Nikavuka sebule, nikasimama mbele ya pazia la chumba cha kulala. Pampu iko nyuma ya pazia lile, najua. Hatua nne, labda tano. Na miguu yangu ikakataa. Miaka yangu yote mguu wangu haujaingia mahali kama pale. Nilisimama na mtoto anayekosa hewa mikononi, nikiangalia maua ya lile pazia. Sijui ni muda gani. Kisha nikageuka nikakimbia. Na ili baridi isimpate njiani, nilimfunika ndani ya koti.

Kwenye kliniki nesi hata hakunisalimia. "Mzee, toa hilo koti! Litupe nje, nje kabisa!" Akamvisha mtoto kifuniko cha mvuke puani na mdomoni. Nilibaki na fulana, nikihesabu mbavu za mjukuu wangu zikiingia na kutoka, mpaka zikaanza kutulia.

"Hakuna mtu aliyewaambia nyumbani?" nesi akauliza.

Nilikumbuka zile gauni kwenye kamba. Nilimkumbuka pia dada yangu mdogo, kule kijijini, aliyekuwa na kifua cha mluzi namna hii. Alikuwa akilala karibu na moto ili apate joto. Tulisema amerogwa. Hakufika umri wa kwenda shule.

Mama mtoto, aliyepigiwa simu na mke wangu baada ya mimi kumpigia, alifika mbio, viatu vya ofisi mkononi. Alimshika binti yake, akasikiliza mgongo wake kwa sikio. Kisha akaniangalia usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Baba, kwa nini hukuichukua pampu?"

"Iko chumbani kwako."

Machozi yalikuwa yanamtoka. "Baba, siku nyingine ingia. Ingia hata kama niko ndani. Heshima gani ya kunizikia mtoto?"

Nilisema tu, "Nifundishe hicho kitu." Akatoa pampu nyingine aliyopewa na nesi, akaiweka kwenye kiganja changu, mkono kwa mkono, mbele ya watu. Nesi akatuonyesha jinsi ya kutoboa kitako cha chupa ya soda ya plastiki, pampu ichomekwe hapo na mtoto avute dawa kwenye mdomo wa chupa, imfikie vizuri. Tundu lile nililikata mimi. Lilikaa sawasawa, hata nesi akauliza mimi ni fundi wa nini.

Siku hizi koti linalala karakana, na mimi naoga kwenye bomba la nje kabla ya kuingia uani. Mtoto bado ananikimbilia, lakini anasimama kwanza, ananinusa shingo. Siku nyingine ananirudisha: "Bado, Kuka. Nenda tena." Naenda. Mkebe wa maranda niliutoa, na mtoto haruhusiwi kuingia karakana, ingawa analia.

Nilijitolea kutengeneza kijisanduku cha pampu cha kutundika sebuleni kwao. Mkaza mwana alinijibu mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Asante, Baba, lakini si cha mbao." Akaleta kiondo kidogo alichosukiwa na mama yake. Mimi nilipiga msumari karibu na mlango wa nje, upande huu wa pazia, akakitundika.