Fotei Iliyoingia kwa Ukuta

Bwana yangu ni dereva wa fuso njia ya Bunagana, na madereva wa njia ile wana ugonjwa wao. Kitu chochote wakikiona mpakani wanaona ni bei ya bure, kwa sababu wanasahau kwamba nyumbani kuna mutu atauliza kina kazi gani. Huyo mutu ni mimi.

Wakati ule tulikuwa tunamngoja mama yangu. Tangu baba afariki alikuwa Bukavu kwa kaka yangu, ku nyumba ya matofali yenye ukuta mrefu na geti la chuma, nyumba ya watu waliofanikiwa. Kila nikipiga simu nilisikia sauti yake imepungua. Mama yangu, mwanamke aliyeuza ndizi miaka yote akibishana na soko zima, sasa alikuwa ananijibu "ndiyo mwanangu", "hapana mwanangu", basi. Nikamwomba aje Goma akae na sisi moja kwa moja. Akasema atakuja kujaribu, akishindwa atarudi na boti. Niliogopa. Nilijua akirudi nyuma ya ule ukuta atanyamaza kabisa.

Kwa hiyo tulikubaliana kutengeneza nyumba kidogo kabla hajafika. Mimi nilitaka simenti, njia ya simenti kutoka mlangoni mpaka jikoni na chooni, maana kiwanja chetu Katindo ni mawe ya volkano matupu na yale mawe yanakula kandambili na vidole vilivyomo. Bwana yangu akasema simenti haina heshima.

"Simenti ataikanyaga tu," akasema. "Fotei ataikalia. Mama mukwe hawezi kukalia kiti cha plastiki."

"Na akitaka kwenda choo, atapanda hiyo fotei imupeleke?"

Alipanda gari, akaenda Bunagana na pesa ya simenti.

Alirudi na fotei, sofa nzima, juu ya fuso, imefungwa nailoni kama bibi harusi. Ilikuwa ya kona, rangi ya haradali, kitu kimoja kizima kisichoachana, chuma chake kimechomelewa pale kwenye kona. Alipotaja bei nilikaa chini. Sikukaa juu yake, nilikaa kwenye jiwe.

Sasa, mutu wa nyumba ya matofali angeuliza kama alipima mlango. Hakupima. Sisi watu wa nyumba za mbao hatupimi mlango. Kitu kikikataa kupita, fundi anang'oa misumari, ukuta unafunguka, kitu kinaingia, ukuta unafungwa, watu wanakunywa chai. Kitanda chetu kiliingia hivyo. Basi fundi akaja, akafungua ukuta wa upande wa barabara, wanaume wa jirani wakasukuma na kupeana amri, kila mmoja akiwa chef. Fotei ikaingia, ikajaza salon, sebule yote. Meza ikahamia uani. Kwenda chumbani kulala ikawa lazima upite juu ya mito, umenyanyua kitenge. Na mbao za ukuta, kumbe chini zilikuwa zimeoza, zikapasuka mikononi mwa fundi. Akasema atarudi na mbao mpya. Mnajua fundi akisema atarudi. Tukatundika turubai pale kwenye tundu.

Halafu kitu kipya lazima kimwagiliwe kwa vinywaji, hiyo ni sheria ya mtaa. Majirani hawakusumbuka kupita mlangoni. Waliinua turubai na kuingia, mmoja baada ya mwingine, wakiuliza soda iko wapi. Tulinunua soda na bia za kumwagilia kitu ambacho mimi sikukitaka, na mimi ndiye niliyepeleka chupa mezani, uani, nikikanyaga yale mawe.

Mama alifika tukiwa katikati ya kumwagilia. Nilimpokea, na kabla ya uso wake niliangalia mzigo wake. Ulikuwa kifuko kidogo, cha mutu anayelala siku chache.

Bwana yangu alikuwa amekaa upande mmoja wa fotei, anatabasamu. Akanyoosha mkono kuelekea upande wa pili. "Mama, karibu. Ni yako hii."

Mama akaangalia fotei, akaangalia mukwe wake, akabaki amesimama. Kwetu mama mukwe hakai kiti kimoja na bwana wa binti yake. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, na kiti kimoja ndiyo kabisa. Bwana yangu analijua hilo tangu hajanioa. Lakini pale Bunagana alifikiria urefu tu, kwamba huku na kule ni mbali. Angenunua viti vinne vya mbao, kila mtu angekuwa na chake.

"Kuna kona," jirani mmoja akasema akiwa na chupa mkononi. "Kona inagawanya. Hivi ni viti viwili."

"Chuma ni kimoja," mwingine akasema. "Ukitingisha huku, kule kunatingika."

Wakajaribu. Mmoja akaruka upande huu, mwingine akakaa upande ule kusikiliza matako yake. Akatangaza kwamba kunatingika. Fundi, ambaye kwa soda alikuwa amerudi haraka, akasema anaweza kuikata na msumeno. Bwana yangu akalala juu ya fotei kwa urefu wake wote, kifudifudi, msumeno usiiguse. Kisha akainuka na kusema yeye hataikalia tena, ibaki ya mama.

"Aa, papa," mama akamwambia mukwe wake kwa upole. "Umeileta kutoka mbali. Siwezi kukufukuza ku nyumba yako."

Akachukua bidon tupu, dumu la maji, akaigeuza, akakaa juu yake karibu na turubai. Nilitaka kulia. Mama yangu juu ya bidon, na fotei ile imejaa nyumba nzima.

Joto la watu lilikuwa limezidi, akainua turubai apate hewa. Nje mwanamke alikuwa anapita na beseni la sambaza. Mama akauliza bei. Akaambiwa. Akasema, "Kwani hao samaki wamesoma université?" Yule mwanamke akacheka, akatua beseni, wakaanza. Nilisimama na chupa zangu. Ile sauti sikuwa nimeisikia tangu msiba.

Siku zilizofuata alikuwa pale kwenye bidon tangu asubuhi. Alijua wake wa askari wa kambi ya jirani, nani amejifungua na nani amegombana. Watu waliacha habari pale kama posta. Bwana yangu alikuwa analala kwenye fotei kulinda tundu na wezi, na alisema analala vizuri sana.

Hatimaye fundi akaja na mbao mpya na misumari mdomoni. Mama hakusimama.

"Ukirudisha hizo mbao," akamwambia, "unitafutie na nafasi ku boti."

Fundi akatuangalia. Nikamwambia atengeneze mabawaba, liwe dirisha la kufunga jioni. Jioni hiyohiyo mama akaniambia nimpigie kaka, kinu chake cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kiletwe na boti ijayo. Nilipiga simu palepale, maana mwanamke hasafirishi kinu kwa matembezi.

Simenti hatujaiweka mpaka leo. Nikiumia kidole nakumbusha kwamba ile fotei ilikuwa hasara, mama hajaikalia hata mara moja. Bwana yangu anajinyoosha juu yake na kuniuliza, bila fotei, nani angefungua ukuta? Mama anatwanga sombe pale dirishani na kugombana na muuza makala ya kupikia, kelele tupu, na mimi nakanyaga yale mawe kwenda jikoni.