Wanasema risasi ilikuwa ndogo

Admin, nifichie jina, maana wamama wengi wa kanisa letu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, Mkongomani wa Uvira, fundi cherehani hapa Johannesburg. Tunapanga chumba mtaa wa La Rochelle. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona makosa mnivumilie. Nina jambo moyoni, limeanza kunila.

Nina binti mmoja, nitamwita Aline, ana miaka ishirini na tatu. Alikuwa msusi kule mjini, na sisemi kwa sababu ni wangu, wateja walikuwa wanapanda teksi mbili kumfuata yeye. Alikuwa na mchumba, kijana wa kanisani kwetu, mpiga gitaa. Mahari tulikuwa tumeshaanza kuizungumza. Mwaka jana huyo kijana alimkuta Aline anamsuka mteja mwanaume, wakagombana tangu saluni mpaka chumbani kwa kijana mtaa wa Hillbrow, na huko kijana akatoa kibastola cha mfukoni, eti amtishe tu. Mwanangu akaweka mkono wa kulia mbele ya uso wake. Risasi ikaingia kiganjani. Daktari aliitoa, lakini vidole vitatu havifungi tena mpaka leo. Sasa msusi bila vidole ni nini, jamani?

Mnisikilize vizuri hapa. Papa pasta na wamama walifika hospitali kabla ya polisi. Wakamwambia mtoto aseme kile kidude kilianguka kikajifyatua chenyewe, kwa sababu kijana hana kibali cha silaha na karatasi zake za kukaa hazijakamilika, watamrudisha Kongo, "na wewe ndiye mke wake mtarajiwa." Mtoto akasema hivyohivyo. Mimi nilikuwa kwenye korido natafuta maji ya kumnywesha. Niliporudi, polisi walikuwa wameshayaandika maneno hayo. Baada ya wiki sita kijana akamwacha, eti mama yake hataki mkamwana asiyeweza kusonga ugali.

Na kila anayenipa pole anamalizia na lilelile: "Mama, shukuru Mungu, risasi yenyewe ilikuwa ndogo." Ndogo! Nilikutana na huyo kijana mlangoni mwa kanisa nikamwambia, "Umeniharibia mtoto." Akacheka mbele za watu. "Mama, kale kadude ni ka kuulia njiwa. Ingekuwa bunduki ya kweli, leo ungekuwa umevaa nyeusi." Wenzake wa kwaya wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Eish, mama huyu ni moto." Siku hiyo ndiyo niliyoamua kwamba na yeye aionje hiyo ndogo.

Kuna baba mmoja wa Tanga, mlinzi wa zamani, ninamshonea suruali. Nilijua ana njia zake. Nikamwambia nimechoka kuibiwa njiani, nataka cha kujilinda. Akafungua kitambaa mezani kwake: vibastola viwili, kila kimoja kinaingia mfukoni mwa aproni, na risasi ya kila kimoja pembeni.

"Hii nyembamba risasi yake ni saizi ishirini na mbili," akasema. "Hii fupi nene ni ishirini na tano. Ukiniuliza mimi, dada, chukua nene. Hiyo nyembamba ina siku zake, unabonyeza, yenyewe inanuna, risasi haitoki."

Nikamuuliza, "Daktari akisema risasi aliyoitoa ni ya ishirini na mbili, ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi nipe hiyo."

"Si nimekwambia inanuna?"

"Nataka hiyohiyo."

Akanitazama sana. Akakunja kitambaa chake taratibu. "Dada yangu, anayeogopa wezi hamtaji daktari. Nenda nyumbani. Ijumaa kama bado unataka, uje uniambie ni ipi."

Tangu hapo kazi yangu ni kuchagua. Kwenye cherehani sikosei, kitambaa chepesi kina sindano yake na jinzi ina yake. Hapa sijui. Nikichukua ile nyembamba, nitamrudishia kitu kilekile alichompa mwanangu, na moyo wangu hautaki kingine. Lakini ikinuna atanicheka mara ya pili, na hilo nitakufa nalo. Nikichukua nene, itafanya kazi, ila siyo ile. Simtaki maiti, mnielewe. Nautaka ule mkono wake wa gitaa. Hata kidole nimeshachagua.

Sasa juzi wamama wakaja na kreti ya soda na kitambaa cha bluu. Kijana anaoa msichana mwingine wa kanisani. Mkubwa wao akanishika magoti: "Mama Aline, mshonee wewe suti ya harusi, iwe ndiyo mwisho wa maneno." Nikakipokea kile kitambaa. Nilitabasamu hata. Wakapiga vigelegele, wakaomba, wakaenda zao.

Jana asubuhi nilikuwa namfunga Aline vifungo vya blauzi, maana hawezi mwenyewe, akaniuliza polepole, "Mama, wakikufunga jela, nani atanivalisha?" Haki ya Mungu sikuwa nimemwambia neno, labda ameuona uso wangu. Nilimaliza vifungo nikaenda kuketi kwenye cherehani, na sikushona hata mshono mmoja siku nzima.

Leo ni Jumatano. Ijumaa yule baba anangoja jibu langu. Jumamosi saa nne asubuhi huyu kijana atasimama chumbani kwangu, mikono juu, nimpime kifua. Ninyi mngekuwa mimi, mngeshika ipi kati ya hizo mbili, au mngeshika futi ya kupimia tu? Nishaurini, wapendwa, nifanye nini? Ila anayetaka kuniandikia "mama, samehe", kwanza aniambie vidole vyake vingapi vinafunga.